Cheti Nilichomhuishia Baba Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu Kiden, baba yako Taban alinipigia simu kutoka Yei, sauti imemkauka kwa kilio. Bibi yako alikuwa amefariki, na yeye alikuwa msibani. Wiki hiyohiyo cheti chake cha kompyuta kilikuwa kinaisha muda. Unaijua kazi yetu: kila mwaka lazima ufanye mtihani mfupi mtandaoni ili ukihuishe cheti, na siku ikikupita unarudi kwenye ule mtihani mkubwa kama mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

"Dada, nisaidie," akasema. "Neno la siri nakutumia. Wewe ingia tu."

Sikuuliza mara mbili. Nilipofika Juba kutoka Arua sikuwa na hata godoro, na ni baba yako aliyenitafutia chumba mtaa wa Lemon Gaba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena kwetu mtu akiwa msibani, majirani humpikia, humchotea maji, humwangalizia duka. Nikajiambia mtihani nao ni kama duka tu. Nilikuwa kijana bado. Usicheke! Katika kazi hii mtu huzeeka upesi, ndiyo maana mnaniita mzee na mvi zangu bado zinahesabika.

Basi nikakaa ofisini kwetu Amarat, kwenye shirika letu la zahanati, nikaingia kwa jina lake, nikajibu maswali yote, nikafaulu. Mwishoni ukatokea ukurasa unaoonyesha yaliyokosewa na masomo ya kurudia. Nikausoma, nikajifunza mawili matatu, nikaufunga. Hapo ndipo nilipomwibia baba yako bila kujua, kwa sababu ukurasa ule ulipaswa kuwa wake.

Haukupita muda, mkuu wa ofisi akaona cheti cha Taban ni kipya, akamkabidhi kazi kubwa: kuweka kanuni kwamba mtu asiingie kwenye barua pepe na mafaili bila kuthibitisha kwa simu yake. Kazi ikienda vizuri, angekuwa mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta. Baba yako akaiwasha kanuni ile kwa watu wote kwa mpigo. Hakuijaribu kwanza kwa wachache, wala hakujiachia mlango wa dharura, yaani akaunti moja isiyoguswa na kanuni ile. Asubuhi ofisi nzima, ambayo haikuwa imesajili simu, ikajikuta imefungiwa nje, na yeye mwenyewe yumo katika waliofungiwa. Maombi ya dawa za zahanati zetu yalikuwa humo ndani, na siku mbili hatukuyafikia.

Swali la mlango wa dharura lilikuwamo katika ule mtihani. Nililijibu mimi.

Baba yako aliitwa, akakiri kosa, jina langu hakulitaja. Mimi nikanyamaza, nikijidanganya kwamba kimya changu kinamlinda. Aliyenigundua ni Mzee Lado, mtunza stoo wetu, mtu asiyejua kompyuta ila anajua watu. Alinikuta nyuma ya jenereta nalia, nikamweleza yote. Hakunifokea.

"Ya binti," akasema, "rafiki iko na kiu, wewe utambebea maji. Lakini kumnywea, hapana. Ukikunywa wewe, yeye anabaki na kiu yake. Khalas, yatosha, nenda sema."

Nikaenda nikasema. Mficha uchi hazai, mwanangu. Baba yako alikikosa kile cheo na cheti kikafutwa. Mimi nikapewa barua ya onyo ambayo bado ninayo. Aibu ile nilitembea nayo miezi. Lakini nilipokwenda kumwomba msamaha, yule mtu alicheka! "Malesh, dada, yamepita," akasema, "si mimi ndio nilikutuma?" Tukaanza kusoma pamoja kila Jumamosi, kila mtu kwa akaunti yake. Ule mtihani mkubwa ulimwangusha mara moja, akaurudia akaupita.

Sasa Kiden, jana umenitumia neno lako la siri. Cheti chako kinaisha keshokutwa, mtoto anaota meno, na wiki nzima hujalala. Niliposoma ujumbe wako nilicheka, kisha machozi yakanitoka, maana maneno ni yaleyale ya baba yako: wewe ingia tu. Nakupenda kuliko unavyodhani. Kwa hiyo sitaingia.

Nisikilize. Mtihani huu hauna msimamizi, unaruhusiwa kufungua vitabu, na ukianguka unarudia. Hautaki kukukamata. Unataka tu kukuonyesha ulichosahau, kabla hakijakuumbua mbele ya watu. Usiuogope ukurasa wa makosa. Ukae nao, uusome taratibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwakani usingoje wiki ya mwisho, maana misiba na meno ya watoto havina kalenda. Rafiki akikuomba umfanyie, mpende kiasi cha kumkatalia, kisha umsaidie kwa namna nyingine.

Ujumbe wako nimeufuta. Hilo neno la siri libadilishe. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa kwako Jebel. Mtoto nitamfunga mgongoni, chai nitapika mimi, nawe ukae na kompyuta yako mpaka umalize. Mungu aliyemwinua baba yako baada ya kuanguka akushike wewe kabla hujaanguka, akupe akili tulivu na usingizi mzuri baadaye.

Maji nitakubebea, mwanangu. Kunywa, utakunywa mwenyewe.