Termosta ya Mama Mkwe

Baridi ya Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, haina adabu. Nyumba zetu hazina mfumo wa kupasha joto. Zina sakafu ya simenti na uvumilivu.

Mwaka huo mama mkwe wangu alikuja kutoka Mokambo kutibiwa kifua, tukampa chumba cha nyuma. Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtaniona mwehu. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hakanyagi chumba anamolala, mpaka siku familia itakapomwingiza rasmi kwa chakula na maneno ya wakubwa. Sisi tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na siku hiyo ilikuwa bado. Kila mwaka kulitokea msiba, au mvua, au mjomba alikuwa safarini. Salamu zake nilizipata kwa mdomo wa mke wangu, na zangu zilirudi kwa njia hiyohiyo.

Na desturi ina sheria zake za barabarani: anayekaribia hukohoa, ili mwenzake apishe. Sasa fikirieni mgonjwa wa kifua ndani ya nyumba ambamo kikohozi maana yake ni "napita". Juma la kwanza nilikuwa najificha nyuma ya mlango wa jikoni asubuhi na jioni. Chai yangu ilipoa mezani huku nimesimama gizani na mifagio, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Lakini shida haikuwa chai. Asubuhi moja mke wangu alimkuta mama yake amelala na mbabula, lile jiko la makaa, likiwaka chumbani, dirisha limefungwa, kichwa kinamzunguka, maneno hayatoki sawasawa. Hapa kwetu kila mtu anajua familia ambayo haikuamka kwa sababu ya mbabula. Niliogopa sana. Siku hiyohiyo nikanunua radiatere ya umeme ya kupasha chumba joto. Mke wangu akaiwasha, mama akaizima. Akaiwasha tena, mama akaizima tena.

"Mama anasema iko bien, haiko nasikia baridi," mke wangu aliniletea habari. "Anasema hawezi kukula courant ya mukwe wake."

Kuzima, ili asitumie umeme wa mkwe, ilikuwa heshima, na heshima hiyo ingetuulia mtu. Mimi nami siku nyingi sikuwa nyumbani, maana kazi yangu ni kutoa malori forodhani Kasumbalesa. Ndipo nikakata shauri nitafute termosta inayoongozwa kwa simu, niongeze na kupunguza joto nikiwa popote, bila mkono wala kinywa cha mtu.

Muuzaji, mtu wa Kivu Kaskazini anayeuza kila kitu chenye waya, aliniwekea tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya mviringo, nzuri, lakini umeme ukikatika inasahau yote uliyoiambia. Katika mji huu ningeifundisha upya mara nne kwa siku. Ya pili ilizungumza, sauti ya kike, Kifaransa cha Paris. Nikamwaza mama mkwe akiulizwa swali na ukuta, nikaisogeza kando. Ya tatu ilikuwa kisanduku cheupe kisicho na sura. Kinakumbuka, kina kadi ya simu yake chenyewe, na hakina kitufe hata kimoja.

"Papa, hii haina buton," muuzaji akanionya. "Mwenye chumba akitaka joto, atafanya je?"

"Hatataka."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mama mukwe."

Alinitazama kwa huruma. "Basi chukua ya buton, papa. Mutu akisikia baridi, aguse mwenyewe."

Shauri zuri, nami nikalikataa. Ya kitufe angeizima. Nikatoka dukani na kisanduku changu, nikijiona mjanja wa mji mzima.

Kukifunga ukutani, na kuiunga radiatere humo bila swichi yake, kulikuwa kichekesho. Mama mkwe alikwenda kwa jirani, mke wangu akaingia chumbani na bisibisi, nami nikasimama uani kando ya dirisha, mgongo nimeugeuza kwa adabu.

"Waya ya buluu inaenda kushoto!" nikamwelekeza.

"Kushoto yako ao yangu?"

"Yako! Hapana, yangu! Mimi nimegeuka!"

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu, asubuhi mapema, niko Kasumbalesa katikati ya foleni ya malori, simu ikalia. Kisanduku kilikuwa kimetuma ujumbe: joto la chumba linashuka haraka, digrii kumi na moja, dirisha liko wazi. Nikampigia mke wangu bila kufikiri: mwambie mama afunge dirisha. Nikasikia akimwambia. Kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe wangu, kali.

"Njo nani alimuambia kama dirisha iko wazi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mguu wangu haukuwahi kuvuka kizingiti kile, lakini simu yangu ilikuwa inalala humo. Nikaanza kujitetea, kupitia kwa mke wangu, huku madereva wakipiga honi: kisanduku hakina macho, kinapima hewa tu.

"Anauliza," akasema mke wangu, "kama hakina macho, dirisha kiliiona na nini?"

Niliporudi nilikuta mkoba wake mlangoni umefungwa. Anarudi Mokambo, na kifua kile, kwenye nyumba ya bati. Mke wangu alikuwa analia, na mimi sikuwa mbali na machozi. Tukamwita mjomba wake, ndugu wa mama mkwe. Akaishika simu yangu mbali na uso, akafinya macho.

"Inaonyesha mutu?"

"Hapana, mjomba. Digrii tu."

"Digrii ya mwili yake?"

"Ya hewa."

"Hewa ya chumba ya mama mukwe wako."

"Ndiyo, mjomba."

Akanirudishia simu. "Huyu ameisha kuingia. Sasa tumuingize, isiwe haya."

Jumamosi wakaja wakubwa. Nilitoa kuku na kitenge kwa kosa la simu. Wao walileta ugali, ambao sisi twauita bukari, na samaki, na maneno marefu kuliko bukari. Mkoba ulirudishwa chumbani. Mwishoni mjomba akaniambia niinue uso. Nikauinua. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeijua miguu ya mwanamke huyu tu, na sasa nikamwona: mdogo, amejifunika blanketi mbili, macho ni yaleyale ya mke wangu.

"Mwanangu," akaniambia mwenyewe, bila mjumbe, "ile chumba iko na baridi. Tangu nilifika, niko nasikia baridi."

Majuma matatu nilikuwa nimeletewa "iko bien". Niliona aibu, na furaha pia, furaha kubwa kuliko aibu.

"Ongeza," akasema.

Nikatoa simu mbele ya wote. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa pale ambaye hakujua. Nikabonyeza hata hivyo: ishirini, ishirini na mbili, ishirini na nne. Mama mkwe akajisogeza karibu, akainamia kioo pamoja nami.

"Ongeza tena," akasema.