Kisu Kabla ya Moto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikisikia harufu ya samli na asali inanirudia yote, hata kutu iliyokuwa kwenye mpini wa debe. Sikuwa na haja ya kuisimulia tena, maana imeshapita miaka mingi na waliohusika tumezeeka. Lakini wiki hii wajukuu wameniamshia kumbukumbu.

Agnesi ni mjukuu wangu, na Festo ni mjukuu wa kaka yangu Zeno. Waliona kwenye simu kwamba kuna siku ya baklava, mwezi huu wa kumi na moja, na watu wa nchi nyingi wanaisherehekea. Kama huijui, baklava ni andazi la tabaka nyingi nyembamba, katikati lina karanga au njugu za namna nyingine zilizopondwa, na likitoka motoni linamwagiwa asali. Wakaamua waisherehekee hapa uani kwangu Malangali, jirani waje waonje. Tena wakasema hawataishia hapo. Wataianzisha kama biashara: Agnesi aoke, Festo alete karanga kutoka Pito, atafute asali, kisha asambaze kwa pikipiki yake.

Nilikuwa nimekaa nao nachambua karanga. Nikawauliza wamekubalianaje juu ya kugawana.

Festo akacheka. "Babu, huyu ni dada yangu. Tutaelewana hukohuko mbele."

Nikaweka ungo chini. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikimwambia babu yake huyo kijana.

Wakati huo mimi na Zeno tulikuwa vijana wa Kasense, na tuliamua kufuga nyuki. Mimi nilichonga mizinga ya magogo, minane kwa idadi, na viganja vyangu vilichubuka mpaka nikawa nashindwa kushika kijiko. Zeno hakujua kuchonga, ila alijua kupanda miti na hakuogopa nyuki. Akaitundika msituni, kule uwanda unapoanza kuteremka kuelekea bonde la Rukwa. Mwaka wa kwanza tulipata asali ya kujaza kibuyu. Tuliila tukaimaliza, tukacheka. Mwaka wa pili nyuki walihama. Mwaka wa tatu tukapata madebe matatu yaliyojaa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zeno alikuwa anaposa, na bila kuniambia alikuwa amewaahidi wakwe zake madebe mawili. Mimi nami, bila kumwambia, nilikuwa nimemwahidi Bi Salima madebe mawili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiona haikai.

Bi Salima alikuwa mama mmoja mwenye asili ya ziwani, Kasanga, aliyeolewa huku mjini. Nyumba yake haikuwa mbali na soko. Kila Idi alipika andazi hilo, yeye akiliita baklawa, alivyofundishwa na mama mkwe wake, na alipeleka sahani katika nyumba sita za marafiki. Moja ilikuwa nyumba yetu, ingawa sisi ni Wakatoliki. Mama yangu naye alikuwa akimpelekea ulezi kila akivuna. Mwaka ule asali mjini ilikuwa adimu. Akaniomba mimi, nikasema usiwe na wasiwasi, mama.

Basi, siku moja kabla ya Idi, asubuhi, nikachukua mkokoteni nikayapeleka madebe mawili. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka. Unga alikuwa ameusukuma ukawa mwembamba kiasi kwamba akiinua karatasi moja ya unga, uliona vidole vyake upande wa pili. Alipanga tabaka kwenye sinia kubwa, anapaka samli, anapanga nyingine, ananyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Kisu kilikuwa kando ya goti lake. Alikuwa amebakiza tabaka ya juu kabisa.

Sijakaa vizuri, Zeno akaingia, jasho linamtoka. Hakumsalimia hata mwenye nyumba. Akaenda moja kwa moja kwenye debe, akashika mpini.

Nami nikashika.

"Nani alipanda miti?" akaniuliza. "Nani alivimba uso mpaka mama akaniuliza mimi ni mgeni wa nani?"

"Na nani alichonga?" nikamjibu. "Au hao nyuki wangetaga asali kwenye kofia yako?"

"Nyuki hawatagi, mjinga wewe."

Ndivyo tulivyoendelea, Kiswahili kikatuishia tukahamia Kifipa, watu wa barabarani wakaanza kuchungulia juu ya ua. Bi Salima akaweka tabaka ya mwisho haraka, akasimama kutuamua. Mkaa ulikuwa umeshawaka sawasawa na hauwezi kusubiri. Kwa hiyo huku anatusukuma tuachane, akabeba sinia akaliweka jikoni, akafunika kwa bati, akapanga makaa juu ya bati. Kisha akatuketisha, mmoja kulia mmoja kushoto, kama watoto wa darasa la kwanza.

Sinia lilipotoka lilikuwa na rangi nzuri ya dhahabu. Akamwaga asali ikachemka kidogo na kunukia uani kote. Akanyoosha mkono kuchukua sahani. Ndipo akasita, akatazama kile kisu pale kwenye mkeka. Hakikuwa na samli hata tone.

Hakupiga kelele. Akakichukua akajaribu. Juu pakapasuka kama majani makavu, tabaka zikatawanyika, karanga zikamwagika. Akajaribu kona nyingine, ikawa vilevile. Kazi ya siku mbili, samli aliyoitunza tangu Mfungo uanze, yote ikawa vipande visivyo na umbo.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusubiri ipoe, labda ingekatika.

"Hii haikatwi ikiwa imeiva, mwanangu," akasema. "Inakatwa mbichi, kabla haijaona moto. Ikiwa mbichi ni unga na karanga tu, kila kipande unakipima kwa utulivu. Ikishaiva na kupata asali, inavunjika, na kila mtu jicho lake liko kwenye kipande kikubwa." Akafuta kisu kwa kanga yake. "Mimi leo nimesahau kwa sababu yenu. Nyie wawili hamkusahau. Hamkukata kabisa. Mmengoja mpaka madebe yamejaa."

Zeno aliangalia chini. Mimi nilitamani ardhi ya Ufipa inimeze.

Siku ya Idi nyumba sita za mji huu zilikula baklawa kwa kijiko. Mama yangu alipouliza imekuwaje mwaka huu, Bi Salima alisema mkono wake uliteleza. Hakututaja, wala siku ile wala baadaye. Nimepigwa viboko katika maisha yangu, mwanangu, na hakuna hata kimoja kilichoniuma kama neno hilo, mkono wangu uliteleza.

Debe moja tulimwachia. La pili tulirudi nalo Kasense kwa mguu, mkokoteni tumeuacha kwake, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, kwani hakuna aliyekubali kuachia. Tulipokaribia nyumbani Zeno akaanza kucheka peke yake, kisha akasema, "Tulipeleke hili na lile lililobaki nyumbani kwa wakwe, ila twende wote. Wewe ndiye utakayeeleza uchongaji." Nikaenda. Na msimu uliofuata, kabla nyuki hawajaingia kwenye mizinga, tulikaa chini ya mizinga mitupu tukagawana: huu wako, huu wangu, huu wa mama. Miaka yote tuliyofuga nyuki hatukugombana tena juu ya asali. Tuligombana juu ya mambo mengine.

Hayo ndiyo niliyowasimulia Agnesi na Festo. Agnesi akachukua daftari. Wakabishana kidogo, pikipiki ihesabiwe vipi, na siku Festo akiugua nani atasambaza. Yalikuwa mabishano mepesi kwa sababu hapakuwa na kitu mezani ila karanga mbichi na unga. Wakaandika, wakatia sahihi wote wawili. Halafu ndipo Agnesi akaanza kusukuma unga, na kabla ya kupeleka sinia jikoni akakata, mistari iliyonyooka, umbo la almasi.

Zeno alikuja jioni na fimbo yake, akakuta uani pamejaa jirani. Festo alimwamkia shikamoo, akamwambia babu mdogo amewafundisha. "Amewafundisha?" akasema Zeno. "Amewaambia kwamba yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi?" Kisha akachagua kipande cha kona, chenye karanga nyingi, akakaa karibu nami. Kilitoka kizima, hata kingo hazikumeguka.

Basi wewe unayesoma, kama unaanza jambo na mtu unayempenda, shamba, duka, mizinga, hata ndoa, kaeni mgawane kazi na matunda wakati bado hakuna matunda. Usione aibu kuuliza. Anayekupenda hatachukia swali lililoulizwa mapema. Litakalomuumiza ni lile litakaloulizwa mbele ya debe lililojaa. Na mkikosea, kama tulivyokosea sisi, asiachie mmoja wenu mpini mpaka mfike nyumbani.

Mungu akujalie mwenza mwenye subira, nyuki wasiohama, na jirani kama Bi Salima atakayeficha aibu yako. Na ukifika umri wangu, akubakizie ndugu wa kukaa naye uani, akikusema huku anakula.