Kasiva Alisema Amefunga

Kasiva na mimi tulikuwa kampuni moja ya bima, pale katikati ya jiji. Mama yake alipozidiwa, akaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, Mutuini. Alitaka kitu kimoja tu: mama asife akiwa peke yake.

Sasa, ile programu yetu ya mikutano na ujumbe iko mbili. Kuna ya kuweka kwenye kompyuta, na kuna ya kufungulia kwenye brauza kama tovuti yoyote. Laptopu ya Kasiva ilikuwa nzee, woi! Akiiweka ile ya kwanza, kila kitu kinaganda. Akachagua ya brauza, na kazi ikaenda vizuri. Shida ni kwamba ukihamia ukurasa mwingine, hata uchape mpaka vidole viume, yenyewe inaweka alama kando ya jina lako, inatangazia watu kwamba haupo.

Na Njuguna, mkubwa wetu, alituchunga kwa hiyo alama akiwa kwake Spring Valley.

Jumatano moja adhuhuri, Mutinda wa idara ya madai akauliza kwenye grupu la kazi, "Kasiva, umekula?" Akajibu, "Leo nimefunga." Kanisa lao lilikuwa likimwombea mama. Njuguna akaona alama inasema hayupo, akasoma "nimefunga", akaamua mtu amefunga kompyuta mchana kweupe. Mkristo mzima, hajui kufunga! Tulipomweleza, akasema ameshatuma barua pepe na hawezi kujirudi: Jumatatu Kasiva aripoti ofisini, kwenye mashine nzuri.

Nilikasirika sana. Kasiva hakubishana.

"Debra, wacha tu," akaniambia. "Nikipoteza kazi, dawa itatoka wapi?"

Akamwachia jirani yake, Mama Wamucii, ufunguo, awe akimwangalia mgonjwa.

Wiki hiyohiyo aliyorudi ofisini, tukiwa mkutanoni, simu ya Kasiva ikaita. Alisikiliza, akainuka, akasahau hata viatu alivyovua chini ya meza. Nilivibeba, nikamfuata.

Tulimkuta Mama Wamucii mlangoni, amejifunika leso kichwani. Kasiva hakulia. Alimuuliza tu kama mama alisema neno la mwisho.

"Alikuwa anauliza kama umetoka kazini," Mama Wamucii akasema. "Nikamwambia umekaribia kufika. Akaniomba nimwinue akae, ati usimkute amelala."