Visinia Arobaini vya Udongo Mkavu

Yatangazwa rasmi, kwa waraka wa taasisi wenye nembo ya rangi na saini mbili, kwamba katika chumba namba tatu hakuna kitu chochote kilicho hai. Visinia arobaini vya ganda la udongo, vilivyoletwa kutoka jangwani miaka tisa iliyopita, vimekauka na kufa. Vitupwe kabla ya Ijumaa, na msafishaji athibitishe kwa saini kwenye fomu.

Msafishaji ni Dative, Mrundi, mjane anayeishi mtaa wa Rinkeby, mwaka wa kumi na nane huu akishika fagio Stockholm. Saini ile ilimhusu: bila fomu kukamilika, kampuni ya usafi isingemhamishia jengo jingine Jumatatu, na bila jengo jingine hakuna kazi. Wasiwasi hakuwa nao. Tangu amzike mumewe, Léonidas, hakuwa na hisia nyingine yoyote pia. Kanisani walingoja chozi miaka minne, halikuja, wakakata shauri kwamba amekauka. Hakuwapinga. Kupinga nako ni kazi.

Alhamisi mchana akaanza. Vumbi lilikuwa jingi, naye akafanya alivyofunzwa na mama yake huko Ngozi, Burundi: vumbi kavu halifagiwi, unachovya vidole kwenye maji, unanyunyiza, ndipo unashika fagio. Akanyunyizia sakafu, meza, na kwa mazoea tu, visinia vyote.

"Makubwa haya!" alicheka Mwatumu, mwenzake wa zamu, mtu wa Tanga. "Da Dative, maiti unamwosha ili umtupe jalalani?"

"Ni vumbi, dada. Litatuingia puani."

"Basi tia na marashi, mazishi yapendeze."

Mwatumu hajamaliza kucheka, ganda lile jeusi likaanza kugeuka. Dakika tano hazikutimia, visinia vyote vikawa kijani.

Wakamwita Thomas, msimamizi wa maabara. Akainama, akaeleza kwa Kiswidi kama anayesoma kitabuni: ndani ya ganda hilo mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wakikosa maji hulala, hata miaka, wakipata tone, huamka. Ile aya ya waraka isemayo vimekufa aliiandika yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo hawajafa," alisema Dative.

"Waraka umeshatoka."

"Na fomu yangu?"

Thomas akavitazama visinia, akatazama saa, akatia saini kwenye fomu. Dative akatia yake chini ya maneno "hakuna kilicho hai".

Jioni binti yake, Raïssa, alimkuta jikoni akipanga kitu dirishani, kando ya kopo la kitunguu. Akauliza kwa Kiswidi ni nini hicho.

"Udongo," mama akajibu, akachovya vidole kwenye glasi ya maji.

Fomu inasema visinia arobaini vimetupwa. Pipani viliingia thelathini na tisa.