Mama Mkasi Ageuza Kiti

Kilio kile hakikumtoka masikioni: kirefu, chembamba, kikakatikia juu kama uzi uliovutwa ghafla. Kilikuwa cha mjukuu wake wa kike, wa miaka miwili, na kilitoka ndani ya simu. Kilichomliza mtoto ni bibi yake mwenyewe.

Mama Mkasi alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja, chumba kilekile, kiti kilekile, mgongo kwa dirisha. Mwanga ukipita juu ya bega unatua kwenye mshono. Ukikaa ukilitazama dirisha, macho yanakufa na pindo linakwenda upogo. Basi binti yake anayeishi ng'ambo alipomwomba amrekodie mtoto video, ili wakija mwezi ujao asimkimbie bibi mlangoni, Mama Mkasi alifanya kama siku zote. Aliketi mahali pake, akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akaimba, akapunga mkono. Cherehani ilitoka inang'aa. Kitambaa kilitoka safi, nyuzi unazihesabu. Yeye mwenyewe alitoka pande la giza lenye kilemba, linapunga mkono.

Binti alipiga simu akijikaza asicheke, na yowe la mtoto likasikika nyuma yake. Alisema sasa mtoto akiona simu tu anajificha chini ya meza.

"Nimekuwa zimwi," Mama Mkasi alimwambia mumewe.

Mumewe, dereva mstaafu, alimwuliza kwa upole ameanza lini, maana yeye hakuona tofauti. Alipoona utani haukupokelewa, alikwenda kuleta tochi. Kwa hesabu yake mwanga ni mwanga, utoke popote. Alichuchumaa miguuni pa mkewe, akammulika kutoka chini, wakarekodi upya. Walipoitazama, pua ilikuwa imetupa kivuli hadi kwenye paji la uso, na macho yalikuwa mashimo mawili. Mzee mwenyewe ndiye aliyeilaza simu kifudifudi.

"Hii tusiitume," alisema. "Hata polisi tusiwaonyeshe."

Mama Mkasi hakucheka. Alikuwa anauona mlango wake mwezi ujao, na mtoto anarudi mbio garini.

Kesho yake mchana alikuja jirani yao mpigapicha, yule wa picha za pasipoti, kujaribu suruali aliyoitaka ipunguzwe kiuno. Alionyeshwa video zote mbili akiwa amesimama na pini zimemzunguka, akacheka mpaka moja ikamchoma. Kisha akasema dawa ni ndogo: ageuze kiti, alitazame dirisha.

Mama Mkasi alikataa. Alimweleza, kama anayemfundisha mwanafunzi wa kwanza, kwamba mwanga ni wa kitambaa, si wa fundi.

"Shangazi," alisema mpigapicha, "leo kitambaa ni wewe."

Mama Mkasi aliinuka. Mumewe alikigeuza kiti. Miguu ya kiti ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye sakafu ya saruji. Mpigapicha alitundika kipande cha bitana nyeupe dirishani, kwa sababu jua lilikuwa kali na lingemfanya akunje uso. Akazima balbu iliyokuwa inamtia manjano shavu moja. Halafu akampa mzee shuka jeupe alitandaze upande wenye kivuli, lirudishe mwanga usoni pa mkewe. Mzee aliuliza kama kuna posho. Akaambiwa ainue mikono zaidi.

Mama Mkasi alikaa mbele ya mwanga kama mtu aliyevuliwa miwani na kilemba kwa pamoja. Maisha yake yote aliwapima watu viuno na mabega. Hakuwahi kuketi ili atazamwe yeye. Nyimbo zote zikampotea. Akabaki kutabasamu kidogo, mwanya wake ukaonekana, akamweleza mtoto anachoshona: gauni, dogo kiasi hiki, lina mifuko miwili. Basi. Wakaituma.

Jibu lilikuja kabla pini hazijatolewa zote. Binti alikuwa amemrekodi mtoto akiwa mkekani, ameishika simu ya baba yake kwa mikono miwili, anamtazama bibi. Hakulia. Alitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye kioo, pale penye pua. Kisha akaigeuza simu, akachungulia nyuma yake. Akapapasa mkeka. Akaigeuza tena, akamwona bibi, akachungulia nyuma kwa mara ya pili, amekunja uso, anatafuta bibi alikobakia.

Mzee alicheka mpaka shuka likamwanguka. Mpigapicha alicheka ameishika suruali yake. Mama Mkasi aliichukua simu, akaisogeza karibu na uso, kama vile mtoto yuko nyuma ya mlango tu.

"Nipo huku, mama," alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Nipo huku."