Muuaji mwenye aliongeza mayi mu maharagi

Bandugu, leo muuaji wa filme yetu alisimama kwanza, akaangalia maharagi, njo akaendelea kunikimbiza.

Si mimi nasema. Iko mu video.

Tunapiga filme ya kutisha mu lupango, kiwanja ya nyumba ya kwetu, Kasungami, na barafiki ba masomo. Muuaji anavaa mufuko ya bunga ku kichwa, kusudi bantu bajiulize mpaka mwisho: ni nani?

Muzuri sana. Sasa hata siye hatujui!

Trésor njo anachezaka muuaji. Leo muntu wa mufuko alitokea na kisu, nikalia kilio ya kweli, tukamaliza ile kipande. Kisha Trésor akaingia ku mulango:

« Munisamehe, nilikuwa naimba ku chorale ya kanisa. »

Eh!

Tukarudilia kuangalia video. Muntu wa mufuko ananifuata, anafika ku mbabula ya makala, anafunula chungu ya maharagi, anaongeza mayi, anafunika, anainua kisu tena.

Kila mumoja akaanza kuangalia mwenzake. Lakini mu hii kikundi, nani anaweza kukumbuka maharagi? Hakuna!

Sasa hivi tuko ku meza. Mama, ule mwenye alisema filme ya kuua haiko ya bakristu, ananipakulia. Maharagi haikuungua hata kidogo.

Mama iko na bunga ku nywele.

Ananiuliza polepole: « Na mu ile filme yenu, muuaji banamukamata? »

Bandugu, munishauri mbio. Anakata avoka, na kisu iko ileile.