Mto wa Ngozi Uliohesabiwa Badala Yangu

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja ya Novemba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katikati ya Stockholm, mbele ya dirisha la ofisi ya safari za watalii iliyonipeleka Moroko. Nasukuma kigari cha mtoto kwenye theluji iliyokuwa uji, nainua macho, najiona. Mimi mzima, mkubwa kama mlango, nimeketi kwenye kizingiti cha mawe, mwanangu ananyonya chini ya kanga. Chini ya picha wameandika: "Kiongozi wetu akimsalimu mama mwenyeji wa mji mkongwe."

Mwenyeji. Mimi wa Tanga, mkazi wa Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya tano.

Safari ile ilikuwa ya Septemba. Baba mtoto alibanwa na mitihani ya ufundi, akasema tiketi zisioze, nenda na mtoto. Siku ya tatu wakatupeleka kuutembelea kwa miguu mji mkongwe wa Fez. Kiongozi wetu, dada wa Kiswidi mwenye filimbi shingoni, alitugawia kofia za njano, maana yeye hakuhesabu watu, alihesabu kofia. Vigari vya watoto vilikatazwa kwa sababu ya ngazi, nikambeba wangu mgongoni kwa kanga kama alivyonibeba mama yangu.

Mji niliupenda, sitadanganya. Vichochoro vimebanana hivi kwamba punda akija unapanda kizingiti cha mtu usiyemjua. Kwenye madimbwi ya kutia ngozi rangi harufu ilikuwa ya kuangusha ng'ombe, tukapewa majani ya nanaa tuyapachike puani. Waswidi wazima, majani yanachungulia puani, wanapigana picha kwa heshima zote. Punda mmoja alisimama kututazama, na sikumlaumu.

Mtoto akalia njaa. Nikamwambia kiongozi. Akanyoosha kidole kwenye kizingiti: "Kaa hapo. Tutarudi kwa njia hii hii." Bibi mmoja wa kundi letu, aliyekuwa amekumbatia mto wa ngozi wa kukalia, mnene kama boga, akajitolea kunishikia kofia, mtoto asiivute. Mikono imejaa, akaivisha mto. Kiongozi akaninyooshea kidole tena, mtu mmoja akapiga picha, wakaenda zao.

Wakatokea lango jingine. Kwenye basi kiongozi akahesabu kofia, zikatimia. Nilihesabiwa, ndiyo, ila aliyepanda basi kwa niaba yangu alikuwa mto.

Mama mwenye kizingiti alinipa chai ya nanaa. Zaidi ya salamu hatukuwa na lugha, tukakaa tukihesabu meno ya mtoto. Baada ya saa mbili mumewe alinifikisha langoni, akanipakia teksi. Hotelini niliwakuta wanakula chakula cha jioni. Kiti changu kilikuwa na mtu: mto, na kofia yake.

Nyumbani nikaandika barua. Wakajibu kwamba kofia zote zilirudi, kwa hiyo kama nilibaki nyuma basi nilijitenga kwa hiari yangu. Baba mtoto akawaamini. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu Desemba nilitaka kwenda Tanga na mtoto, mama yangu hajawahi kumwona mjukuu wake, na baba mtoto hakuwa na likizo ya kutusindikiza.

"Mama mtoto," akasema, "umepotea kichochoroni. Nikuachie ubadilishe ndege mbili na mwanangu?"

"Mwanao? Mimi nilimwokota sokoni?"

Hakucheka. Ruhusa hakutoa.

Sasa rudi nami dirishani. Nilipoikazia macho ile picha nikaona kidole cha kiongozi. Hakikuwa cha salamu hata kidogo. Kilielekea kizingitini: kaa hapo. Na pembeni, mikononi mwa bibi yule, mto umevaa kofia yangu.

Nikaingia, nikasema yule wa dirishani ni mimi. Kijana wa mezani akanieleza kwa upole kwamba yule ni mwanamke wa kule. Sikubishana naye. Nikatoa kanga kwenye mfuko, ile ile, nikajitanda, nikaketi sakafuni chini ya picha, nikampakata mwanangu, nikakaza uso. Wateja wawili wakaacha vitabu vyao vya safari. Kijana akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Masikio yakamwiva.

"Ungependa fomu ya malalamiko?"

"Nipe. Na picha niteremshie, nakwenda nayo."

Nikapanda nayo treni hadi Vårby gård, nikaisimamisha mezani penye sahani ya baba mtoto. Alikula akiitazama. Kisha akasogeza fomu, akatia sahihi yake mahali pa shahidi, akauliza mimi na mtoto tutabadilishia ndege wapi tukienda Tanga.

Asubuhi yake nikaiwasilisha fomu pamoja na picha, kwa Kiswidi changu cha shule ya jioni, ikagongwa muhuri mbele yangu:

"Nalalamika rasmi. Sikujitenga na kundi. Niliambiwa nikae, nikakaa, na picha yenu wenyewe inaonyesha kidole kilichoniambia. Naomba mniandikie kwamba mliniacha, mimi na mtoto wa miezi minane. Maneno ya chini ya picha yasomeke: Msafiri wetu, akisubiri. Mwisho, nathibitisha kwamba mto ulirudi salama, ulihudumiwa vizuri, na hauna malalamiko yoyote."